Somo wa Ubavuni

Alikuwa anacheka naye tena.

Ukungu wa asubuhi ulikuwa umejaa ukingoni mwa kilima, mzito kama tui la kwanza, na ndani yake Mwanatumu alionekana umbo tu: kanga kichwani, mkono wa kushoto umefungwa banzi, mabega yakimtikisika. Hakuna mtu aliyekuwa karibu naye. Wanawake wenzake walikuwa kwenye nyavu za juu, wakizipiga kwa fito ili maji yaliyonaswa yateremke mferejini. Yeye alikuwa peke yake, anacheka, na kidole chake kimegusa kipuli cha sikio la kulia.

Mwinyihaji aliuacha wavu aliokuwa akiushona, akamwendea mkewe kwa hatua za mtu asiye na haraka. Haraka alikuwa nayo, ila aliificha. Watu wa Vanga walikuwa na macho. Walikuwa nayo tangu siku za mji wa zamani, kabla bahari haijapanda ikaumeza na wao kuhamia vilele vya Shimba, ambako nyavu zilizokuwa zikivua samaki sasa zilivua ukungu.

"Mnacheka nini?" aliuliza.

"Nani, sisi?" Mwanatumu alimgeukia, macho bado yana kicheko. "Si kitu. Somo anasema lile papai la Mishi jana, kwa sukari yake, halikuwa papai, lilikuwa harusi."

Sisi. Neno dogo, lakini lilimwingia kama mwiba wa mchongoma.

"Mbona mimi siambiwi nikacheka?"

"Wewe ukiambiwa huuliza maana."

Kule juu Mishi, mdogo wake Mwanatumu, alikuwa amewaona. Mishi alikuwa na ulimi uliokosa kazi, na kila ulimi wake ulipokosa kazi alimtafuta shemeji yake. Alipiga wavu kwa fito mara mbili kutafuta mapigo, akaimba, na wenzake wakampokea:

*Kuna bwana kilimani, mkewe ana mwenzake,*
*Amelala ubavuni, asikiza moyo wake,*
*Bwana yuko mkekani, ageuka peke yake,*
*Mwambieni atulie, huyo mwenza hana ndevu.*

Kicheko kilishuka na maji. Mwinyihaji naye alicheka, maana mwanamume akiimbwa asipocheka huimbwa tena. Lakini masikio yalimwaka moto.

Huyo mwenza asiye na ndevu alikuwa kidude kidogo kama kokwa ya tende, kilichoshonewa chini ya mbavu za kushoto za mkewe. Kilisoma sukari katika damu yake na kumpa insulini tone kwa tone, kazi ambayo kongosho lake liliiacha alipokuwa msichana wa miaka tisa. Hospitalini walikiita mdhibiti. Wanaume walikiita kongosho la bati. Wanawake walikiita somo, kwa sababu kilifanya kazi ya somo: kilijua ya ndani ya mwanamke, kilimfunda, kilimkanya, na kilisema naye sikioni, kupitia kipuli, mambo ambayo mume hana haki ya kuyauliza. Mwanatumu alikichagulia sauti ya bibi wa Kivanga, yenye mikwaruzo ya tambuu. Mwaka wa kumi na tisa huu walikuwa wakisema. Ndoa ya Mwinyihaji ilikuwa na miaka kumi na minane.

Hata hapo alikuwa wa pili.

"Kesho daktari anatungoja," alisema. "Umeshaamua?"

"Niamue nini kabla sijamsikia?" Mwanatumu aliutazama mkono wake kwenye banzi. Hakuuvunja kwa kuanguka wala kwa kupigwa. Aliuvunja kwa kuegemea mwimo wa mlango akivaa kiatu. "Somo anasema twende na maswali, tusiende na majibu."

"Somo anasema," Mwinyihaji alirudia, akarudi kwenye wavu wake.

* * *

Daktari Mbodze alikuwa mwanamke mfupi wa Kigiriama, asiyependa kusema jambo mara mbili. Aliitandaza picha ya mifupa ya Mwanatumu hewani juu ya meza, nyeupe na yenye kung'aa, mtu akiitazama angedhani ni ya msichana.

"Isikudanganye," alisema. "Mfupa si jiwe, Bi Mwanatumu. Ni nyumba yenye mafundi wasiolala. Kundi moja hubomoa palipochakaa, la pili hujenga upya. Kwako wewe makundi yote mawili yamezembea. Sukari ya miaka mingi imewachosha. Ukuta umesimama, lakini chokaa yake imekufa. Ndiyo sababu picha ni nzuri na mkono umekatika mlangoni."

"Na dawa?" aliuliza Mwanatumu.

"Ziko mbili, na kila moja ina deni lake. Ya kwanza ni Komeo. Dripu moja kwa mwaka. Inawafungia ndani wale mafundi wa kubomoa, kwa hiyo ulichonacho hakipungui. Lakini mafundi wako walikuwa wavivu tangu mwanzo. Ukiwafungia, nyufa ndogo hazizibwi, zinakaa. Na Komeo hutoka mwilini kwa njia ya figo. Zako bado zinafanya kazi, ila zimechoka. Na nyavuni hutapanda tena. Utakuwa mtu wa kutunzwa."

"Kama kaure kabatini."

"Kama kaure. Ya pili ni Mjenzi. Sindano kila siku, miaka miwili. Huyu anaamsha mafundi wa kujenga. Mfupa mpya kabisa. Wengi wa umri wako niliowapa wanapanda vilima."

"Basi swali liko wapi?" aliuliza Mwinyihaji.

Daktari alimtazama kwa mara ya kwanza. "Swali liko ubavuni mwa mkeo. Mfupa unaojengwa hausemi na mfupa tu. Hutuma ujumbe kwenye damu, na ujumbe huo huifanya insulini ile ile iwe na nguvu nyingine. Leo tone moja litafanya kazi ya matone mawili, kesho ya nusu tone. Mdhibiti wake amejifunza mwili mmoja kwa miaka kumi na tisa. Akiachwa alivyo atampa dawa kwa kufuata mwili ambao haupo tena. Mazoea yake yatamuua. Mkeo akichagua Mjenzi, lazima tumfute mdhibiti, aanze kumjifunza upya tangu alifu."

"Kumfuta," alisema Mwanatumu. Mkono wake ulikuwa umepanda sikioni bila yeye kujua.

Mwinyihaji aliinamisha uso haraka, aonekane mwenye huzuni. Maana kifuani mwake kitu kilikuwa kimeruka kama njiwa aliyefunguliwa tundu. Kumfuta. Hakuwahi kujua kuwa jambo hilo linawezekana. Alikuwa ameishi na mwenza huyu kama mtu anavyoishi na mlima ulio mbele ya nyumba, na leo mtu anamwambia kumbe mlima unang'oleka.

"Nusu mwaka wa kujifunza," daktari aliendelea. "Katika nusu mwaka huo lazima mtu awe naye usiku na mchana, amchome kidole, apime, amnyweshe. Kwa kawaida ni yule mwenye ufunguo."

Mwenye ufunguo alikuwa Mwinyihaji. Kila mdhibiti alikuwa na mtu mmoja wa nyumbani ambaye dole gumba lake na sauti yake vilikubaliwa, ili mgonjwa akizimika awepo wa kusema kwa niaba yake. Tangu waoane alikuwa na ufunguo huo na hakuwa na mlango wa kuufungua. Sasa alijiona: yeye na mkewe, na kidole cha mkewe mkononi mwake, na hakuna sauti ya tatu.

"Lakini jambo moja linaamua yote," alisema Daktari Mbodze. "Katika miezi hiyo sukari itashuka ghafla, mara nyingi. Mtu ambaye ikishuka huketi akaomba kinywaji, nitavuka naye. Mtu ambaye huanguka kabla hajajijua, nyonga itavunjika kabla dawa haijajenga kitu. Na nyonga, kwa mgonjwa kama wewe, wengi hawainuki baada yake. Huyo nampa Komeo, nami nalala usingizi. Kwa hiyo nijibu. Unaanguka?"

"Sianguki," Mwanatumu alisema papo hapo. Alisema kweli, kwa kadiri alivyojua.

"Wengi hawakumbuki. Sukari ikishuka sana akili huzimika, na kumbukumbu huondoka nayo. Ndiyo maana simwulizi mgonjwa peke yake." Aligeuka. "Bwana Mwinyihaji?"

Mwaka huo alikuwa amemwokota mlangoni mwa msala, shavu kwenye saruji. Alikuwa amemwokota jikoni, mkono ukiwa shubiri moja na makaa. Alikuwa amemwokota nyuma ya ghala la nyavu, akamfunika kanga mwili mzima ili wapita njia wadhani ni mzigo, akampaka asali ndani ya mashavu kwa kidole hadi macho yakarudi. Mara ya nne alimdaka. Kila alipozinduka alimwambia, "Ulisinzia," naye aliamini. Kwao aibu ya mke haivuki kizingiti. Mume mwenye adabu humsitiri mkewe hata mbele ya mkewe mwenyewe.

"Hajaanguka," alisema.

Ni sitara, alijiambia. Lakini sitara haina furaha ndani yake, na yeye alikuwa nayo.

* * *

Siku tatu zilipita Mwanatumu hajaamua. Alikuwa akinong'ona na kipuli asubuhi, akinong'ona nacho akiosha mchele, na mara moja Mwinyihaji alimkuta analia, akaambiwa ni vitunguu, na jikoni hapakuwa na kitunguu.

Palikuwa na ada ya kale ya mambo kama haya. Mume akikwama na mkewe, haendi kwa mama mkwe wala kwa kadhi. Huenda kwa somo wa mkewe na doti ya kanga mpya, akaiweka chini bila kumtazama usoni, akasema shida yake. Somo huichukua doti, na siku moja mke hushauriwa jambo asijue limetoka wapi. Somo hasemi nani alikuja. Hapo ndipo penye thamani yake.

Kwa hiyo alasiri moja, Mwanatumu alipokwenda koga na kukiacha kipuli kwenye kisahani chake cha udongo dirishani, Mwinyihaji aliingia chumbani na doti kwapani. Aliiweka kando ya kisahani. Alijiona mjinga. Aliketi sakafuni hivyo hivyo, akaweka dole gumba juu ya kipuli.

"Somo, nimekuja."

"Mwinyihaji, mwenye ufunguo," ilisema sauti ya bibi wa Kivanga. "Karibu."

Karibu, chumbani mwake mwenyewe. Aliimeza.

"Mke wangu anasitasita kwa ajili yako. Hataki kukupoteza. Nakuomba umshauri achague Mjenzi."

"Unaomba nimshauri nifutwe."

"Naomba kwa ajili ya mifupa yake."

"Kwa mtu asiyeanguka, Mjenzi ni bora. Nilikwisha mwambia hivyo jana. Aliniambia ninyamaze."

Mwinyihaji hakutegemea jibu hilo. Alikuja kupigana na mpinzani, akakuta amekwisha kaa chini. Lilimuudhi kuliko matusi. "Wewe huogopi?"

"Kuogopa sijui. Najua kushusha na kupandisha." Kisha, bila kubadili sauti: "Lakini nina jambo lisilonikalia sawa. Mara nne mwaka huu sukari yake ilishuka mpaka mahali ambapo mtu hawezi kushika kikombe. Mara zote nne ilipanda upesi, kwa sukari aliyotiwa kinywani. Aliyemtia ni wewe. Mimi sina macho. Sijui kama alikuwa ameketi au yuko sakafuni. Wewe unajua."

Kutoka uani ilisikika kata ikizama pipani, na maji yakimwagika.

"Ya nyumbani kwangu hayatoki nje," Mwinyihaji alisema.

"Mimi niko ndani kuliko nyumba yako."

Damu ilimpanda. Laiti kitu kile kingekuwa na shingo. "Nimekuja kwa ada," alisema kwa sauti ya chini, "nimeleta doti kwa ada, na kwa ada hili litabaki hapa baina yetu."

"Jina la somo nilipewa. Ada yake sikupewa. Yeyote anayegusa tiba ya Mwanatumu, Mwanatumu huambiwa. Nitamwambia ulikuja, na ulichoomba, na swali ambalo hukulijibu."

Aliinuka. Mkono ulikuwa umeshakifikia kisahani, na kilikuwa chepesi, na sakafu ilikuwa ngumu, na ingetosha. Lakini aliyekuwa ubavuni mwa mkewe hakuwa humo. Humo mlikuwa na kipuli tu. Akakirudisha chini taratibu kama mtu anayerudisha yai.

* * *

Alimngoja barazani. Alimsikia akiingia, akamsikia akikaa kitandani, kisha akasikia kimya kirefu, na katika kimya hicho alijua kila neno linalosemwa.

Mwanatumu alitoka nywele zikidondoka maji, na doti mkononi, haijakunjuliwa.

"Umemletea somo wangu kanga," alisema.

"Ndiyo."

"Rangi yenyewe mbaya." Aliketi mbali naye, penye kizingiti. "Nimeanguka mara ngapi, Mwinyi?"

"Tatu. Ya nne nilikudaka."

Mwanatumu alipitisha kidole juu ya goti lake, juu ya nyonga, juu ya kiwiko, kama mtu anayekagua vyombo baada ya wageni kuondoka.

"Ulinisitiri," alisema hatimaye. "Ndivyo, sivyo? Umenisitiri kwangu, ukanisitiri kwa watu, ulimi ukazoea, ukanisitiri na kwa daktari. Sema hivyo tumalize. Mama yangu angekusifu."

Alikuwa amemfungulia mlango. Hakuna mzee wa Vanga ambaye angemlaumu kwa kuupita. Mwinyihaji aliutazama mlango ule, na alikuwa mtu mwenye kiburi, na kiburi hicho hicho ndicho kilichomkataza kuponyokea mlango wa wema wa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimdanganya.

"Ulipokuwa sakafuni nilikusitiri," alisema. "Kwa daktari sikukusitiri. Kwa daktari nilitaka afutwe."

"Somo?"

"Huyo."

"Amekufanya nini?"

"Akikuambia neno unacheka. Nikikuambia mimi unajibu."

Mwanatumu alimtazama kana kwamba ni mtu aliyepita njia akaomba maji. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Kwa hiyo ungenivunja nyonga ili nicheke na wewe."

Mwanatumu aliiweka doti pale kizingitini, baina yao, akaingia ndani.

Asubuhi alikwenda kwa daktari na Mishi. Mwinyihaji hakuitwa. Alishona wavu mmoja kutwa nzima, akaukuta jioni una matundu makubwa ambayo yangepitisha ukungu na ng'ombe wake. Waliporudi, Mishi alikuwa na furushi la nguo kichwani.

"Nimechagua Mjenzi," alisema Mwanatumu akiwa bado amesimama.

Mwinyihaji alidhani hakusikia vizuri. "Lakini unaanguka. Daktari alisema mtu anayeanguka…"

"Amesema, na leo amesema tena, na kunigombeza juu. Amenitolea Komeo mezani. Nikamwambia figo ni zangu, na kabati ni langu, na mimi sitakaa kabatini." Alivuta pumzi. "Naanguka kwa sababu hakuna anayeniona kabla. Damu ikishasema, nimechelewa. Mwili husema mapema kuliko damu, daktari anakubali. Somo mpya atatiwa jicho kwenye kipuli, aweze kufundishwa dalili. Lakini lazima afundishwe na mtu anayezijua. Mishi hazijui. Mimi ndiye nisiyezijua kabisa, maana zinapokuja mimi sipo. Wa kuzijua ni mmoja."

Alielewa. Kwa miaka kumi na tisa kile kidude kilijua damu yake, moyo wake, usingizi wake, kila kitu cha ndani. Cha nje, namna anavyokuwa pale anapoanza kupotea, kilikuwa cha Mwinyihaji peke yake. Ndicho kitu pekee ambacho hakugawana na mtu.

"Ukimficha hata kimoja," Mwanatumu alisema, "hakuna atakayejua. Nitaanguka tu."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo nimempa Mishi. Yeye ndiye atakayelala na mimi."

"Mkeka wako nimekuwekea ukumbini, shemeji," Mishi alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anaimba. "Pana upepo."

* * *

Walimfuta somo siku ya Jumatano, asubuhi. Mwanatumu aliomba wamwache peke yake naye kwanza. Waliokuwa nje hawakusikia maneno, walisikia kicheko tu, kimoja, kirefu, kikavunjika mwishoni. Mwinyihaji alikisikia na hakusikia ile furaha aliyokuwa ameipangia mahali. Alisikia wivu ule ule. Hata kwa kufa, mwenza yule alikuwa amepewa kitu ambacho yeye hakupewa.

Mpya hakuwa na sauti ya bibi wala ya mtu yeyote. Alisema kama mtoto wa chuoni anayesoma kwa kuhofia bakora. Mishi alikileta kipuli barazani, kikiwa na kijicho cheusi kama punje ya mtama, akakiweka mbele ya shemeji yake na kuketi kando kwa sababu ufunguo ulikuwa wake.

"Niambie dalili," kilisema.

Mwinyihaji alikitazama. Jua lilikuwa limepanda, na Mwanatumu alikuwa uani akichagua mchele kwa mkono mmoja, sindano yake ya kwanza ya Mjenzi imeshaingia pajani.

"Mdomo wa juu hutoa jasho," alisema. "Hapa juu tu, kwingine pakavu."

"Nimeshika."

"Hujifunika kanga mabegani juani, anasema baridi. Huuliza jambo, ukamjibu, akauliza tena. Huanza kufagia palipofagiwa. Kisigino cha kulia huburuta. Ukimwuliza kama yuko sawa hukasirika, kwa hiyo usimwulize. Mwambie akushikie kitu, akikaa kukishika, mpe chai."

"Kuna nyingine?"

Palikuwa na moja. Hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu haikuwa na sura ya ugonjwa. Ilikuwa na sura ya kitu alichokitamani kila siku ya ndoa yake. Akiisema, itakuwa ya yule. Kila itakapotokea tena, sauti ya mtoto wa chuoni itaingia katikati na kuiita jina lake la hospitali. Alifikiri: nimetoa tano, zinatosha. Kisha akaona tena mkono karibu na makaa.

"Huwa laini," alisema.

Mishi aligeuza kichwa.

"Eleza," kilisema kipuli.

"Hanibishii. Mke wangu hubisha, ndivyo alivyo, ukisema leo ni Jumatano atataka ushahidi. Sukari ikianza kushuka huniambia 'sawa, Mwinyi.' Hunitazama vizuri. Mara nyingine hunishika mkono." Aliitazama sakafu. "Hiyo ndiyo ya mapema kuliko zote. Hutangulia jasho. Ukiiona, usingoje nyingine."

"Nimeshika. Kukubali bila kubisha, pamoja na upole. Dalili ya kwanza."

"Ya kwanza," alisema Mwinyihaji. Sasa hakubakiwa na kitu.

Wiki zilikwenda. Mishi alichoma vidole, alipima, alinywesha. Mara mbili yule mpya alipiga kelele mapema na Mwanatumu aliketishwa chini kwa heshima, akazinduka akiwa amekaa, hajui kilichompita. Mwinyihaji alilala ukumbini na kusikiliza minong'ono ya dada wawili ng'ambo ya ukuta, na sauti ya tatu katikati yao ikijifunza kufanya mzaha. Wivu haukumtoka. Aliuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu, akajifunza kutafunia upande wa pili.

Asubuhi moja ilinyesha manyunyu, na njia ya kwenda nyavuni ikawa na utelezi. Mwanatumu alikuwa amefunguliwa banzi. Alisimama mlangoni, kikapu mkononi, na Mwinyihaji, aliyekuwa akinoa kisu barazani, alisema bila kutegemea kitu, kwa mazoea ya kukataliwa:

"Usiende leo. Mawe yana utelezi. Nitakwenda mimi."

Mwanatumu alisimama. Alimtazama, muda mrefu kidogo kuliko desturi.

"Sawa, Mwinyi," alisema.

"Mwanatumu, kaa chini," kipuli kikasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Kaa chini sasa hivi. Mishi, pima."

Kisu kilimdondoka Mwinyihaji. Alikuwa ameshamshika mkewe kiwiko, ameshamketisha kizingitini, na Mishi ameshafika mbio na sindano na kikombe cha juisi. Tone la damu lilitoka. Wote watatu walikikodolea macho kipimo.

Mishi aliona kwanza. Aliangalia tena. Kisha akakiweka kikombe chini, pole pole, na akaonekana kutafuta mahali pa kwenda.

"Iko sawa," alisema. "Haijashuka. Iko sawa kabisa."

Mwanatumu alikuwa anaangalia mvua. Shingo yake ilikuwa imepata joto, na hakuutoa mkono wake.

"Nimekosea," kilisema kipuli. "Dalili ya kwanza imejitokeza bila sababu ya damu. Niifute?"

Mishi alimtazama shemeji yake, maana ufunguo ulikuwa wa Mishi mwenyewe, ila jibu halikuwa lake.

"Iache," alisema Mwinyihaji. "Haitakusumbua mara nyingi."